Kilio cha Wasio na Karatasi

Matawi ya mchikichi yalitoka uani kwangu. Naanza na hilo mapema, kwa sababu tangu mwezi wa tano kuna watu wanaozunguka hapa Kamina wakiuliza nani alimsaidia Sylvie Bokungu, na mimi sipendi kuviziwa. Nilimsaidia mimi, Mama Ngoie, mjane wa fundi wa reli, muuza samaki wa Mulongo katika soko la stesheni. Panga lilikuwa langu, mchikichi ni wangu, na mgongo ulioniuma wiki nzima ni wangu pia.

Sylvie si mwenyeji. Jina la mume wake linatosha kukuambia: watu wa jimbo la Équateur, wa mto na msitu. Amemfuata Sajenti Bokungu kambi hadi kambi miaka kumi na tisa. Alipofika kwetu na watoto watatu, alijenga tanuru la udongo nyuma ya nyumba yao katika kambi ya Mabungu, na haikupita miezi miwili watu wa stesheni wakawa hawanywi chai bila mkate wake. Meza yake sokoni ilipakana na yangu. Kusema kweli, mwanzoni sikumpenda. Sisi familia za reli tuna majivuno yetu, na wake wa askari tuliwaona ni watu wa kupita, leo wapo, kesho wamebeba magodoro. Tena alikuwa na mdomo. Siku moja mzee mmoja alisimama akibonyeza mikate kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, bila kununua.

"Papa," Sylvie akamwambia mbele ya soko zima, "iyi haiko shavu ya muke yako."

Hapo nilicheka mpaka nikasahau kwamba simpendi.

Mwaka jana, vita vya mashariki vilipochacha, kikosi cha mume wake kilipelekwa huko. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Mara ya mwisho aliuliza kama mparachichi wa nyuma ya tanuru umeanza kuzaa, akacheka kidogo, na simu ikakatika. Baada ya hapo kimya. Ikapita miezi mitatu, ikapita saba.

Kambini kulikuwa na ofisi ya familia za askari, yenye dirisha dogo la chuma. Kila Jumatatu wanawake walipanga mstari hapo kuuliza habari za waume zao, na kila Jumatatu karani alijibu maneno yale yale: "Bako ku kazi." Wapo kazini, basi, nendeni.

"Ku kazi ya wapi?" Sylvie aliuliza siku moja.

"Mama, iko vita. Ile ni siri ya serikali."

"Bwana yangu njo siri ya serikali? Minyi nilizaa naye batoto tatu!"

Karani akafunga dirisha.

Kisha likaja tangazo. Lilisomwa redioni, likabandikwa kwenye ukuta wa kambi. Kwa kuwa nchi iko vitani, ni marufuku kutaja askari waliokufa, na ni marufuku kufanya kilio cha askari yeyote ambaye familia yake haina karatasi ya kuthibitisha kifo. Atakayekaidi anamsaidia adui. Na karatasi zenyewe, bila shaka, hazikuwa zikitolewa kwa mtu yeyote. Nilizima redio nikatukana peke yangu jikoni, tusi ambalo marehemu mume wangu alilitunza kwa ajili ya injini mbovu.

Wa kwanza kuangukiwa na tangazo alikuwa Denise, jirani ya Sylvie kambini, mwanamke mpole asiyeweza hata kudai nafasi yake bombani. Askari mwenzake na mume wake alimtumia ujumbe wa sauti kutoka mstari wa mbele: Sajenti Mukalay amekufa, kaeni kilio. Denise akatandika mikeka, akaweka matawi ya mchikichi mwanzo wa njia, kama tunavyofanya hapa ili kila apitaye ajue pana msiba. Jua halijawa kali, watu wa usalama wakafika. Waling'oa matawi, wakamwaga sufuria nzima ya bukari, ugali wetu, mchangani, wakaondoka naye. Alirudishwa jioni na amri moja: asivae nguo nyeusi.

Kesho yake Sylvie hakuoka mkate. Alikuja sokoni mikono mitupu, akakaa kwenye kigoda changu bila kuomba.

"Mama Ngoie, treni yenu ikianguka kule Luena, benyi munafanya nini?"

Nilijua anataka kunichokoza, maana treni yetu ina sifa zake. Nikamwambia mkuu wa stesheni anachukua karatasi ya mizigo, anaandika ubaoni. Treni fulani, mabehewa matatu yameacha njia, moja lina mahindi, moja lina saruji, moja lina mzigo wa fulani. Ikichelewa siku tisa, ataandika siku tisa, hata akijua watu watamtukana.

"Hata mufuko ya mahindi iko na karatasi," alisema. "Bwana yangu, hapana."

Halafu akasema: "Tutaikala kilio. Pale, mbele ya mulango ya kambi."

"Kilio ya nani? Weye hauyue kama alikufa."

"Ya bote benye hatuyue. Mwenye iko muzima, bakuye batuambie, tutamutosha mu kilio." Yaani wote ambao hatujui habari zao; aliye hai, wakubwa waje watuambie, nasi tutamtoa kilioni.

Hapa nieleze kidogo, kwa msomaji asiyetujua. Mabango yalikuwa yamekatazwa, maandamano yalikuwa yamekatazwa, na kilio kisicho na karatasi nacho kilikuwa kimekatazwa kwenye tangazo. Lakini tangazo liko ukutani, na kilio kiko ndani ya mwili wa mtu wa Kamina tangu anabebwa mgongoni. Hapa kwetu hakuna anayepita matawi ya mchikichi na kofia kichwani. Mwenye baiskeli hushuka akaisukuma. Mwenye gari huzima injini. Na anayeingia kilioni hukaa kwanza, hata kwa dakika moja, ndipo afungue mdomo. Anayesema akiwa amesimama, watu huanza kujiuliza kama si yeye aliyeua. Sylvie, mgeni, alikuwa ametuchunguza miaka minne, na alituelewa kuliko tulivyojielewa.

Niliogopa, sitakuficha. Karani alikwisha kusema kwamba mwanamke wa kelele atatolewa katika nyumba ya kambi. Mimi nina nyumba yangu, lakini yeye angelala wapi na watoto watatu? Nilimuuliza. Akaniambia nimletee panga.

Jumatatu ile dirisha la chuma lilifunguliwa na hapakuwa na mstari. Wanawake thelathini na mmoja walikuwa wamekaa chini barabarani, mbele ya lango, vichwa vimefungwa vitambaa, na matawi yangu yalikuwa yamesimamishwa pande zote mbili za njia. Sisi wa stesheni tulileta maji na nyimbo za kanisani. Karani alichungulia, akatoweka, na baada ya nusu saa ikaja gari ya askari wanane, na Kapteni Lumbu mbele.

Lumbu ni mtoto wa huku huku, wa Kabondo-Dianda. Dereva alipoona matawi alizima injini, na nilimwona Lumbu akimgeukia kwa hasira. Alishuka akaja kwa hatua ndefu, mdomo tayari umefunguka kutufukuza. Alipofika kwenye matawi, mkono wake ukapanda wenyewe ukavua bereti. Nilimwona akigundua alichofanya, na alikuwa amechelewa. Denise, yule mpole, alimsogezea kiti. Akakaa. Mama yake angemlaani kama asingekaa.

Na mtu akishakaa kilioni, kuna jambo moja tu la kuuliza.

"Bamama," alisema kwa sauti ya chini, "nani alikufa?"

"Kapteni," Sylvie akajibu, "njo ile tulikuya kukuuliza."

Wimbo ulikoma. Lumbu aliitazama mikeka, mwanamke mmoja mmoja. Nyuma yake askari wawili walikuwa wamekwisha kukaa chini na bunduki zao mapajani. Baada ya muda alisimama, akarudi garini akiwa ameshika bereti mkononi. Hawakutupiga siku ile. Sisemi ni kwa wema. Waliona aibu, na mimi aibu ilinitosha.

Siku ya pili bomba la kambi lilikatwa maji, na karani akapaza sauti dirishani kwamba nyumba zitahesabiwa upya. Wanawake sita waliondoka, na siwalaumu. Siku ya tatu Lumbu alirudi kwa miguu na kumwita Sylvie pembeni. Nilimfuata, maana simwamini mwanamume anayeita mtu pembeni. Alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni.

"Mama Bokungu, jina ya bwana yako iko humu. Nitakuambia kama iko muzima ao alikufa. Weye peke. Kiisha utatosha aya majani, benyi bote munarudia ku nyumba."

Sylvie aliitazama ile karatasi. Miezi saba ilikuwa imekunjwa pale, karibu na pua yake. Mimi Mama Ngoie, ninayejifanya jabali, nilitaka kumwambia ichukue, mwanangu, chukua uondoke. Mkono wake ulinyooka. Kisha akaurudisha, akaupangusa kwenye kitenge kana kwamba umeshika kitu kichafu.

"Soma na sauti, pale, mbele ya bote. Kama unashindwa, rudisha mu mufuko."

Akairudisha mfukoni.

Sylvie alilia aliporudi mkekani, na hakujificha. "Kama iko muzima, Mama Ngoie, mi mwenyewe nilikataa kuyua," alisema. Nilimshika mkono.

Lakini wale sita walikuwa wamerudi, na wengine juu yao. Wafanyakazi wa reli walikuja saa ya mapumziko na ovaroli zao, wakavua kofia, wakakaa. Padri alikaa. Mchungaji alikaa mbali kidogo na padri, lakini alikaa. Picha zetu zilikuwa zimefika Lubumbashi na Kinshasa kwa simu za watu, na siku ya tano, saa nne asubuhi, Lumbu alitoka langoni na karatasi mbili zilizochapwa, zenye muhuri. Alikaa kwenye kile kiti, bereti kwenye goti, akasoma kwa sauti.

Yalikuwa majina ishirini na mawili ya waliokufa. Kila jina lilipotajwa, mwanamke mmoja alianguka na wenzake wakamdaka. La tisa lilikuwa Sajenti Mukalay. Denise alipiga ukelele mrefu, kisha akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa cheusi, akajifunga kichwani huku akimtazama karani pale dirishani. Karani akatazama kwingine.

Bokungu hakuwemo.

"Rudilia," alisema Sylvie.

Lumbu akasoma tena yote, taratibu. Hakuwemo, wala kwenye karatasi ya kwanza, wala kwenye ya pili.

"Na ile karatasi ya juzi?"

Lumbu aligeuza bereti mikononi. "Ile ilikuwa karatasi ya mafuta ya gari, mama. Balinituma nikuambie iko muzima."

Kama siku ile Sylvie angelikubali neno lake, angerudi nyumbani kuoka mkate na kumngoja mtu ambaye hata wao hawajui aliko, na yale majina ishirini na mawili yangebaki kabatini. Nilimtukana Lumbu kwa Kiluba, tusi zima, na alilipokea akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasoma amri ya mwisho: orodha imesomwa, kilio kimekwisha, matawi yaondolewe.

Wanawake walimtazama Sylvie. Yeye aliyatazama matawi. Siku tano za jua zilikuwa zimeyakausha, yamegeuka rangi ya chai. Akayang'oa moja moja, na Lumbu akashusha pumzi. Kisha akaniomba panga, tukaenda uani kwangu, na tukarudi na mengine mabichi.

Waliopata majina walikwenda kulia majumbani mwao, kama watu wenye haki ya kulia. Tisa ambao hawakupata walibaki. Jumatatu iliyofuata karani alifungua dirisha, akatukuta pale pale, matawi yakiwa ya kijani pande zote mbili.

"Liste balisoma," alifoka. "Munafanya nini tena hapa?"

Sylvie hakuinuka mkekani.

"Tuko ku kazi," alimjibu.