Mti Ndani ya Moteri

Mafuta ya gia yakiingiwa na maji hugeuka rangi yakawa kama chai ya maziwa iliyopoa, na harufu yake ya chuma na matope hukaa kooni mpaka jioni. Wiki iliyopita niliikuta kwa fundi wa pikipiki kule Ndosho, hapa Goma. Nilisimama pale nimeziba pua kwa kitenge, mwanamke mzima mwenye heshima zake, nikamkumbuka Tonton Evariste kwa dharau ambayo miaka yote hii haijapungua hata kijiko. Nawaambia ninyi, kwa maana nyumbani kwetu marehemu hasemwi.

Tonton alikuwa kaka mkubwa wa mama. Baba alikuwa amekwama Kinshasa tangu nchi ilipokatwa vipande. Kule serikali, huku waasi, na barua ilipita kwa bahati tu. Alikuwa ametuachia boti ya mbao yenye moteri ya kufunga nyuma, na kwa kuwa nyumba haikuwa na mwanamume, Tonton alijiteua nahodha. Kabla ya hapo alikuwa karani wa shule. Alijinunulia kofia nyeupe ya mtumba yenye nanga mbele, akawa anaongea Kifaransa hata na mbuzi waliomkatiza njia.

Siku mlima wa moto Nyiragongo ulipopasuka, boti yetu ingetutosha sote na nafasi ikabaki. Lakini Tonton alikuwa ameshaondoka nayo asubuhi, yeye na redio yake na masanduku yake mawili. Baadaye alisema alikwenda kuiokoa. Mama alimkabidhi mdogo wangu Furaha, aliyekuwa na miaka minne, kwa majirani waliokuwa wakikimbilia kisiwa cha Idjwi, mtumbwi wao ukiwa na nafasi ya mtoto tu, wamfikishe kwa bibi yetu, mama yake mama. Mimi na mama tuliondoka kwa miguu kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, godoro kichwani, majivu mdomoni.

Tuliporudi, mji ulikuwa umepasuliwa katikati na mawe meusi ambayo bado yalichoma nyayo. Lava ilikuwa imeingia mpaka ziwani. Hilo hakuna asiyelijua. Watoto tulikwenda makundi kwa makundi kuyatazama maji yakitoa moshi, na Tonton alikwenda pia, akatuhutubia juu ya nguvu za maumbile. Kisha siku chache baadaye akaishusha boti majini kuijaribu, akaielekeza kwa alama zake za zamani, ukuta mweupe wa ghala mkono wa kushoto, akaigonga ile ile lava aliyoihutubia.

"Ile jiwe haikukuwa pale!" alipiga kelele akiwa bado majini, kofia imemlalia sikioni. "Miaka yote napita hapa, haikukuwa pale!"

Alisema kwa uchungu wa kweli, kana kwamba jiwe lilipaswa kupitia ofisini kwake kuomba kibali. Wanawake waliokuwa wakifua walikaa chini kwa kucheka. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekwisha kumwambia bibi, kwa mdomo wa mvuvi mmoja, kwamba Jumamosi anakuja kumchukua Furaha.

Boti ilivutwa ufukweni, moteri ikalazwa juu ya gunia. Ile elisi, yaani panga la mabawa matatu linalosukuma maji, ilikuwa imekatika bawa moja, na la pili limekunjwa kama sikio la mbwa. Wanaume wanne wa mtaani walikuja kukaa kikao, maana kwetu kitu kikivunjika hakianzi kutengenezwa, kinaanza kujadiliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kufungua moteri. Waliitazama kwa mikono nyuma.

Aliyejua kazi aliitwa na mama. Alikuwa Muzee Bahati, fundi kutoka Kibati, ambaye baada ya lava alikuwa akilala kwenye darasa la parokia pamoja na familia nyingine. Shati lake lilikuwa na matundu ya cheche, na miguu yake ilikuwa katika kandambili mbili zisizofanana. Niliziona hizo kandambili kwanza, na nikaridhika kwamba huyu hawezi kujua kitu. Ndivyo tulivyokuwa tumelelewa.

Aliinama, akafungua skrubu ndogo chini kabisa kwenye mguu wa moteri, ile sehemu inayozama majini. Yakatoka mafuta meupe. Akayapaka kidoleni, akayanusa.

"Maji imeingia," alisema polepole. "Elisi si kitu. Hata hii ya zamani naweza kuigonga nyundo ikatembea. Shida ni arbre. Arbre imepinda."

Kisha Tonton akageuka kuwatazama wenzake, uso wake ukichanua.

"Arbre?" alisema. "Muzee, arbre ni muti! Unaona muti wapi hapa? Ni kalitusi ao ni avoka?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja alijifanya kupanda juu ya moteri kuchuma avoka. Nami nilicheka kuwashinda wote, tena nawaambieni kwa nini: nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Kwenye kitabu chetu kulikuwa na picha ya mti mkubwa wenye ndege, na chini yake imeandikwa *un arbre*. Nilijua nilichojua. Muzee Bahati alingoja tumalize, kama mtu anayengoja mvua ipite, kisha akasema kwamba apewe wiki mbili, atatafuta arbre nyingine, na boti isiguse maji kabla ya hapo.

"Wiki mbili!" Tonton alisema. "Dada yangu anataka mutoto wake siku ya posho, Jumamosi hii, wewe unamupandishia miti!"

Mama alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani. "Yaya," alimwambia kaka yake kwa sauti ya chini, "muache aonyeshe. Kama iko, tutaiona."

Fundi akachuma unyasi mkavu, akaubana chini ya jiwe ili ncha yake iguse ncha ya chuma kinachotokeza katikati ya elisi. Akaeleza: chuma kikiwa kimenyooka, ukikizungusha kitaugusa unyasi wakati wote, kikiwa kimepinda, patafunguka upenyo, pafungwe, pafunguke. Macho yake mwenyewe, alisema, yalikuwa yamechoka kwa majivu. Wanaume hawakutaka kulala matumboni kwenye mchanga na suruali zao.

"Mutoto alale aangalie," akasema.

Nikalala. Mchanga mweusi ulikuwa na joto. Akaizungusha elisi polepole kwa mkono, na mbele ya pua yangu, wazi kama jua, chuma kikauacha unyasi, kikarudi, kikauacha tena. Upenyo wa unene wa ukucha. Niliuona mara tatu.

"Unaona nini?" Tonton aliuliza.

Niliziona kandambili za Muzee Bahati pembeni ya uso wangu. Nikafikiri wiki mbili. Nikamfikiri Furaha, ambaye kitandani alizoea kuniwekea miguu yake ya baridi mgongoni, na tangu aondoke nilikuwa nalala vibaya.

"Sioni kitu, Tonton. Inagusa tu."

Tonton alipiga makofi. Muzee Bahati aliutoa unyasi chini ya jiwe, akaukunja mara mbili, akaniangalia bila hasira. "Basi," alisema. "Macho ya mutoto ni mazuri kuliko yangu." Akanawa mikono ziwani akaenda zake.

Tonton alinunua elisi mpya inayong'aa, na siku mbili zilizobaki alizitumia kupaka kifuniko cha moteri rangi nyekundu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema chochote juu ya anayelipaka guu rangi. Jumamosi mama alipanda na kifurushi cha mandazi na gauni jipya la Furaha. Nilibaki na jirani, nikawapungia mikono mpaka rangi nyekundu ikapotea.

Walirudi kesho yake asubuhi, wakivutwa na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Moteri ilikuwa imekufa kabla hawajaiona Idjwi vizuri. Meno ya gia yalikuwa yamesagika kabisa. Mama alishuka midomo imepasuka, gauni bado mkononi. Tonton alishuka akieleza habari za upepo. Alizieleza miaka kumi na tano, na kila mwaka upepo ulizidi.

Moteri ile haikupona tena. Kisha wanajeshi wa waasi wakazichukua boti kubwa na kuzizuia ndogo zisivuke bila karatasi yao, na karatasi haikupatikana. Furaha aliletwa baada ya miezi minane. Gauni halikumwingia. Alisimama mlangoni, akaongea Kihavu kitupu, lugha ya kule kisiwani, akamwita mama "Mama wa Goma", na usiku ule alimlilia bibi kwa jina la mama.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoona katika kitabu cha ufundi cha rafiki yangu, chini ya mchoro wa moteri, neno *arbre*. Si mti wa ndege. Ni chuma kirefu kinachozunguka na kubeba nguvu. Nilifunga kitabu, nikaona aibu mpaka masikioni, maana Muzee Bahati alijua Kifaransa kuliko karani na kuliko wa kwanza darasani.

Nilikaa na jambo hili miaka mingine mingi. Mwishowe nilimwambia mama, tukichambua maharage, kwamba siku ile niliuona upenyo. Nilitegemea anipige au alie. Aliendelea kuchambua.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa naangalia uso yako, si ile unyasi."

Nikamuuliza mbona basi alipanda.

"Ungesema inapinda, ningengoja," alisema. "Ulisema inagusa, na miye nilikuwa nataka sana iguse."

Tonton nitamdharau mpaka nife, hilo sijutii. Lakini yeye alipanda boti ile bila kujua. Sisi wawili tulijua.