Kibao cha Lyle chatoka ukutani

Wanda Treadwell amelala chali kwenye sakafu ya gereji yake mjini Fontana, California, kichwa kikiwa chini ya mkia wa Ford ya mwaka 1932. Mkono mmoja umeshika spana. Wa pili ameunyoosha nje, unangoja.

"Mzee Orrin, nipe basi hicho kibao."

Orrin Stadler, mwenye miaka 81, amekikumbatia kifuani. Hatoi.

Ni kibao cha namba tu, cheusi chenye maandishi ya manjano, cha miaka ya sitini. Lakini kwa watu wa magari haya ya kale, yaliyovuliwa madigadi na kutiwa injini za kutisha, kibao cha zamani kina heshima zake. Hakipakwi rangi upya. Hakinyooshwi kilipojikunja. Na anayekitoboa tundu jipya, bora asionekane tena kwenye misafara ya Jumamosi.

Matundu ya hiki yameliwa na kutu hadi yakapasuka. Wanda, fundi wa kuchomelea, hakutaka hata kuisogeza drili karibu. Amekiundia fremu nyembamba yenye kucha nne za kukibana pembeni, na kila ukucha ameuvisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Alichotoza hakijazi hata tangi la mafuta.

"Mume wangu husema nitakufa maskini," anacheka. "Namwambia, hilo ulilijua tangu unanioa."

Gari hili Orrin alilijenga na kaka yake, Lyle. Siku moja, wakienda kushindana kwenye ziwa kavu la jangwani, kibao cha mbele kilidondoka. Walikitafuta mpaka giza, wasikione. Lyle akachukua namba mpya, na hiki cha nyuma akakitundika ukutani kwake hadi alipofariki mwaka jana. Sasa idara ya magari imekubali kirudi barabarani.

"Kikidondoka na hiki, sina kingine cha Lyle," anasema Orrin. "Labda nikirudishe tu ukutani."

Wanda anajikokota kutoka chini ya gari, uso mzima grisi. Habishani naye. Anafungua kibao cha gari lake mwenyewe, anakibana kwenye ile fremu, ambayo tayari ameifunga nyuma ya Ford.

"Vuta, mzee wangu. Vuta kama unaning'oa jino."

Orrin anavuta. Anaegemeza mguu kwenye tairi, anavuta tena mpaka kofia inaanguka. Kibao hakitikisiki.

"Lyle angekuwa hapa angenicheka," anasema akihema.

"Mimi mwenyewe najizuia."

Mzee anacheka, kisha machozi yanamtoka. Anamkabidhi kibao kwa mikono miwili.

Jumamosi Wanda aliufuata msafara kwa gari lake la kazi. Kila kona Orrin alisimama, akashuka, akakigusa kibao, akarudi ndani. Wenzake wakampigia honi na kumtania. Walipoanza kupanda mlima, hakusimama tena.

"Alikanyaga mafuta, akaniacha kwenye vumbi," anasimulia Wanda, na furaha yake haifichiki.

Nyuma ya gereji kuna Ford yake mwenyewe, ya mwaka 1934, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisubiri wateja waishe. Sasa amepanga kuwa kila Jumatatu hapokei kazi ya mtu.

"Nataka niimalize mzee angali na nguvu za kukanyaga klachi," anasema. "Mwaka ujao haniachi."