Faili Langu Lilikuwa na Ulimi wa Mtu Mwingine

Siku ya kwanza maishani mwangu kuingia kliniki ya sindano, zile nyembamba wanazokuchoma mwilini ili maumivu yapungue, binti wa mapokezi aliangalia kadi yangu, akaangalia kompyuta, akatabasamu.

"Karibu tena. Leo ni mara yako ya saba, sivyo?"

Jamani, mimi mlango wao wenyewe nilikuwa nimeuulizia njiani mara tatu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Mimi ni mpiga pasi. Miaka kumi na moja nasimama mbele ya mashine ya mvuke, mashuka yanaingia yamekunjamana, yanatoka yamenyooka. Wenzangu wananiita Mama Pasi, na jina nalipenda. Shule sikufika mbali. Nilicho nacho ni hii mikono miwili.

Miezi michache iliyopita nafasi ya msimamizi wa zamu ilibaki wazi. Mle ndani kila mtu alijua ni yangu. Nilishaanza kupewa hongera kabla ya usaili.

Nafasi akapewa mwingine. Mgeni, hana hata miaka miwili pale.

Nikaenda kwa meneja. Meneja wetu si mtu mbaya, ila hakosi kuzunguka mbuyu. Akaanza na habari za familia, akaja hali ya hewa, mwisho ndiyo akatua.

"Mama Pasi, afya kwanza. Malizia matibabu yako ya sindano. Mikono ikipona tutaongea."

"Mikono ya nani?"

Akaniangalia kwa huruma, ile ya kumhurumia mtu anayeficha ugonjwa. Akaitaja kliniki kwa jina na mtaa.

"Hakuna cha kuona aibu," akasema. Simu yake ikalia, na mimi nikaonyeshwa mlango kwa kidole.

Nilitoka pale shingo imekaza. Sitanii. Kuanzia siku hiyo nikitaka kumwona mtu aliye kushoto kwangu, nageuka mzima mzima.

Aliyekuwa akinikanda jioni kwa maji ya moto ni mdogo wangu wa kike. Huyu ni kitinda mimba wetu, nyumbani tunamwita Kitinda. Nilimbeba mgongoni kabla sijajua kusoma. Kazi pale hotelini nilimtafutia mimi, miaka minne sasa, na tunafanya zamu moja. Tunakaa pamoja, mimi, yeye na mtoto wake. Sura tumefanana mpaka watu hutuchanganya. Hata kadi zetu za matibabu za kazini zinakaa droo moja.

Nilimsimulia maneno ya meneja. Akaacha kunikanda kidogo, kisha akaendelea.

"Dada, huyo mgeni ndiye aliyekuchafua. Ameona wewe ndiye kikwazo. Na hiyo kliniki usiende, utajidhalilisha bure."

Nikamwelewa. Ila mimi nikikatazwa kitu ndiyo roho inazidi kukitaka. Siku yangu ya mapumziko nikachukua kadi, nikamwambia naenda sokoni.

Sasa turudi pale mapokezi.

Nilitaka kusema mnakosea. Halafu akili ikaniambia, nyamaza, ingia uone mwisho wake.

"Ndiyo," nikamjibu. "Ya saba."

"Umekula? Usichomwe ukiwa na njaa, utasikia kizunguzungu."

"Nimekula."

"Ulimi hujausugua?"

"Nimepiga mswaki, si ndiyo usafi?"

"Meno sawa, lakini ulimi tulikwambia uache siku ya kuja huku. Mtabibu anausoma ulivyo."

Nikaomba radhi kwa kosa la mtu nisiyemjua.

Chumba chenyewe kidogo, kina kitanda chembamba, taa ya kupasha joto na kiti kimoja. Shuka safi, pasi mbovu. Nilishindwa kujizuia, nikainyoosha kwa kiganja.

Mtabibu akaingia. Mama mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, mikono ya moto. Akafungua faili.

"Mikono inaendeleaje?"

"Mikono mizima. Naumwa shingo."

Akanitazama. Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, akatulia muda mrefu, akahamia wa kushoto. Akaniuliza nalalaje, choo kikoje, kama nasikia baridi au joto, nikikasirika naumwa wapi. Nilikuwa sijawahi kuulizwa mambo yote hayo hata na aliyewahi kunioa.

"Toa ulimi."

Nikatoa. Akavaa miwani. Akatazama ulimi, akatazama faili, akanitazama mimi.

"Rudisha. Toa tena."

Nikatoa tena.

"Mwanangu," akasema taratibu, "wewe ni nani?"

Nikamtajia majina yangu yote matatu.

"Hilo jina ninalo humu. Huu ulimi sina."

Hapo nikashindwa kujikaza. Nikamweleza yote, kuanzia usaili mpaka meneja. Akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akafunga faili na kuliweka mapajani.

"Aliyekuja hapa simjui. Alileta kadi, akataja jina, tukamwandika. Lakini watu walidhani ni wewe, na faili limeandikwa jina lako. Nitakuonyesha kwa nini najua si lako. Zaidi ya hapo usiniulize."

Akafungua ukurasa mmoja. Palikuwa na mchoro wa ulimi, na ukingoni upande wa kulia amechora alama ndogo kwa kalamu nyekundu. Chini yake ameandika: kovu la zamani, aliung'ata utotoni alipoanguka kwenye ngazi.

Nilikuwa na miaka tisa. Yeye minne. Mama aliniambia nimshike mkono kwenye zile ngazi, nami nikamwachia nikakimbilia kucheza rede. Nilimkuta chini, damu zimejaa mdomoni, nikamwekea kitambaa changu cha kichwa na kumbeba mpaka zahanati huku nalia kuliko yeye. Kovu lile nalijua kuliko alama zozote za mwili wangu.

Kitinda.

Chini zaidi palikuwa na mstari mwingine, na jicho langu likaufikia kabla mtabibu hajafunga. Kinachomkosesha usingizi: dada yake anamwamini mno.

Nikasimama niondoke. Mtabibu akanishika bega.

"Lala kwanza. Shingo hiyo ukitoka nayo utagombana hata na ukuta."

Nikalala. Mnaouliza kama inauma, haiumi. Sindano nyembamba mno, unasikia kama umeguswa, halafu sehemu ile inakuwa nzito, inajaa ganzi fulani ya chini chini. Mbili shingoni, nyingine mikononi na miguuni. Dakika ishirini na tano usitikisike, hivyo ndivyo alivyoniambia. Akawasha taa, akapunguza mwanga, akatoka.

Kibaya ni kwamba machozi hayajui masharti. Yalitoka yakanitiririkia mpaka masikioni, na siwezi kuyafuta kwa sababu mikono yote ina sindano. Nikalala hivyo hivyo, nina sindano kumi na mbili na hasira yangu. Mtabibu aliporudi alinifuta kwa pamba kwanza, kisha ndipo akaanza kuchomoa, moja moja, anazihesabu.

Kabla sijaondoka alinipa barua yenye mhuri. Ilisema mgonjwa aliyetibiwa mara sita kwa jina hili siye mwenye jina, na kwamba mwenye jina amempima leo na mikono yake ni mizima.

Nyumbani nilimkuta Kitinda anakunja sare za mtoto. Nikamtazama anavyokunja. Kidole gumba hakishiki vizuri, anasukuma nguo kwa kiganja. Mimi mpiga pasi, nimekaa na huyu mtu miaka yote hii, sikuona. Nikaketi mbele yake.

"Toa ulimi," nikamwambia.

Hakutoa. Aliweka sare chini, uso ukamshuka, akaanza kulia bila sauti. Ndipo nikajua hakuna kosa la kompyuta hapa.

"Dada, mikono ilianza kufa ganzi usingizini. Baadaye hata mchana. Naweka kitu, kinaanguka. Nikaogopa. Mpiga pasi asiye na mikono wanamweka wa nini?"

"Ukachukua kadi yangu."

"Wewe huumwi, dada. Kadi yako ilikuwa imekaa tu. Nikasema nitapona kabla hujajua."

"Na meneja alijuaje?"

"Sijui. Wallahi sijui. Labda kliniki walipiga simu kazini."

Mtoto akaingia kutoka kucheza, akatukuta tumekaa hivyo, akanikumbatia mimi kwanza kama kawaida yake. Ikaniisha hasira. Nikasema huyu ni mtu aliyeogopa, na woga si dhambi. Nikamwambia barua ya mtabibu itabaki kwenye mkoba wangu, hakuna atakayeiona. Nitajitetea kwa mikono yangu tu.

Akanishika miguu kunishukuru. Na shingo ilikuwa imelegea, nikalala vizuri usiku ule baada ya siku nyingi.

Asubuhi nikaenda kwa meneja.

"Sina maneno mengi," nikamwambia. "Niletee mashuka kumi hapa, simama unitazame ninavyopiga. Nikikosea moja, sitadai nafasi tena."

Meneja akakuna kichwa.

"Mama Pasi, mimi nakuamini. Lakini na hii niifanye nini?"

Akafungua droo, akatoa karatasi ya kliniki. Ya mahudhurio, ina jina langu na neno mikono limepigiwa mstari.

"Nani kakuletea?"

"Mdogo wako mwenyewe. Siku vile vitambaa vya meza vilipoungua. Alisimama hapo hapo ulipo, analia. Akasema dada yangu mikono inakufa ganzi, ndiye aliyeunguza, anaona aibu, tafadhali usimwambie kitu, usimpe kazi nzito. Nikakusitiri. Nilidhani nakutendea wema."

Nikatazama tarehe. Siku tatu kabla ya usaili wangu.

Vile vitambaa nilivikumbuka. Niliviona kwenye kapu la vilivyoharibika, nikamuuliza Kitinda nani kaviunguza. Akaniambia labda ni yule mgeni.

Sikilizeni. Kuchukua kadi ni woga, na nilishausamehe. Lakini mtu amebeba karatasi, akapanda ngazi mpaka ofisi ya meneja, akalia machozi ya kweli kwa ajili ya mikono yangu mizima, kisha jioni akaja kunikanda shingo aliyoikaza mwenyewe. Na jana yake tu kaniapia kwa jina la Mungu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, lakini nilikuwa sijawahi kukitafuta humo.

Nikafungua mkoba. Nikaweka barua ya mtabibu mezani.

Meneja akaisoma mara mbili. Kitinda aliitwa. Hakukana kitu, na hakuniangalia.

Hawakumfukuza. Hili ndilo linalonikata maini mpaka leo. Walimhamishia kwenye kupanga taulo na kuandika zinazotoka, kazi ya kukaa, haihitaji kubana kitu. Meneja akasema nafasi hiyo ilikuwepo siku zote, mtu alitakiwa kusema tu. Mimi usimamizi umeshapita, nimeambiwa nisubiri mwingine.

Wiki ile ile alihama na mtoto wake, akapanga chumba mtaa wa pili. Mama alinipigia simu kutoka nyumbani, anataka kujua kwa nini nimeshindwa kumsitiri mdogo wangu. Nikamwambia muulize yeye. Hajanipigia tena.

Juzi sasa. Niko kazini, simu inaita, namba siijui. Binti wa mapokezi wa kliniki.

"Samahani kukusumbua. Kuna mgonjwa ameandikishwa leo, kwa kadi yake mwenyewe. Kwenye fomu kuna sehemu ya mtu wa kupigiwa ukipatwa na dharura. Ameandika wewe. Tunathibitisha tu. Ni dada yake?"

"Ni mdogo wangu, ndiyo."

"Basi tukuweke?"

Mashine ilikuwa inapiga kelele. Nikatoka koridoni. Nilijua yuko pale pale mapokezi, anasubiri kusikia nitasema nini, kalamu ameishika kwa vile vidole visivyoshika.

"Futeni," nikasema. "Andikeni namba ya mama yetu."

Nikamtajia namba, tarakimu moja moja, mpaka mwisho. Akanishukuru. Nilipokata nikakaa juu ya marundo ya mashuka machafu, mtu mzima na umri wangu, nikalia mbele ya wenzangu wote.

Najua kuna mtakaokuja kwenye maoni kuniambia damu ni nzito kuliko maji, nimsamehe leo leo. Sikatai. Nitamsamehe. Lakini sisi watu wa kufulia kuna jambo tunafundishwa siku ya kwanza kazini: doa la damu usilikimbilie na maji ya moto, litaganda kwenye kitambaa milele. Linatolewa kwa maji ya baridi, na unaliachia muda. Mimi ndiyo kwanza nimeliloweka.