Matairi ya Mbele

Mjomba wangu alikuwa na lori moja la tani saba, na dereva wake nilikuwa mimi. Kwa miaka tisa nilibeba mahindi na maharage kutoka Endabash na Kansay kuyaleta Karatu mjini, na mara mbili kwa mwezi nilipandisha mahindi Ngorongoro kwa wafugaji. Ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kulima, kwa hiyo unga wa kule hutegemea mashamba ya huku chini.

Aliyenikodi kwa safari hizo alikuwa mfanyabiashara wa Kimaasai, aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi. Alinunua mahindi Karatu na kuyauza upande wa Endulen, kwao. Wafanyabiashara wenzake walitanguliza mzigo wakafuata na gari jingine, lakini yeye alikaa na mimi mbele, shuka mabegani, fimbo katikati ya magoti, tukazungumza njia nzima. Aliniita olchore, yaani rafiki kwa Kimaa, nami nilimwita hivyo hivyo. Mke wangu alipojifungua alituletea mbuzi. Mama yangu alipofariki alilala kwetu siku tatu, na hakuna aliyemwomba.

Mwaka ule masika yalianza kwa nguvu. Matairi mawili ya mbele yalikuwa yamebaki vipara, mjomba akaniambia niende kwa fundi.

"Anayeendesha ni wewe," alisema. "Chagua unayoona yanafaa."

Fundi alikuwa mtu wa Ganako, mpole, mwenye kibanda kando ya lami. Aliniuliza naenda wapi na mzigo gani, nikamwambia. Akanitolea matairi mawili yaliyokwisha kutumika, ya kashata, yale yenye meno makubwa yanayochimba tope. Meno yalikuwa bado marefu. Ukiyatazama kwa mbali ungedhani yametoka dukani jana.

"Haya ndiyo niliyonayo leo," alisema. "Lakini sikushauri uyafunge mbele."

Alichuchumaa, akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha haukuacha alama. Akanionyesha ubavuni, ambako kulikuwa na nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka, na tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Lilikuwa limekaa miaka mingi, sehemu kubwa juani.

"Mpira umekuwa mgumu," alisema. "Kwenye tope laini nyuma yatachimba, sawa. Ila mbele, kwenye barabara ngumu iliyoloa, hayashiki. Kule juu kwenye kingo za kreta udongo mwekundu unalala juu ya mawe kama sabuni. Unahitaji mpira laini, wenye mistari mirefu inayotoa maji. Nimeagiza Arusha, yanafika Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Magunia yalikuwa tayari, na rafiki yangu alikuwa amewaahidi watu mahindi Jumanne. Hata hivyo, sitasingizia haraka yake. Ningempigia simu tungojee hadi Alhamisi, angekubali. Ukweli ni kwamba sikupenda kufundishwa. Nilikuwa nimepita barabara ile masika tisa, nikaona fundi anayekaa kibandani hana la kuniambia kuhusu kingo za kreta.

"Yafunge," nilimwambia.

Alichukua jeki.

Jumanne asubuhi tulipakia chini ya manyunyu. Rafiki yangu alizunguka lori kama alivyozoea, akagonga tairi la mbele kwa fimbo.

"Mapya?"

"Mapya," nilimjibu.

Neno lilinitoka bila hata kufikiri. Akaridhika, akapanda.

Kwenye lami, kabla hatujafika lango la hifadhi, ng'ombe alivuka ghafla, nikakanyaga breki. Sehemu ya mbele ya lori iliteleza kidogo, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi akajishika. Nilihisi mikononi kabisa. Yeye alikuwa anasimulia habari za binti yake aliyekuwa anakaribia kuolewa, hakuona kitu. Pale ningeweza kugeuza. Tulikuwa bado jirani na mji, na fundi alikuwa kibandani kwake. Nilipunguza mwendo tu, nikajiambia nitakuwa mwangalifu.

Tulipanda msituni salama, kwa sababu kwenye mlima kazi ni ya magurudumu ya nyuma. Juu kulikuwa na ukungu mzito, na mvua ikawa ya kweli. Balaa lilikuja tulipoanza kuteremka upande wa pili, kwenye kona ambayo nilikuwa nimeikata mara zisizohesabika. Niligeuza usukani kulia na lori likaenda moja kwa moja. Nikaongeza, magurudumu yakawa yamelala upande kabisa, na lori bado linaenda mbele kana kwamba usukani haukuunganishwa na kitu. Nilimsikia akisema "olchore" kwa sauti ya kawaida, kama anayetaka kuniuliza jambo. Kisha tukaanguka korongoni kwa ubavu wa kushoto, upande wake.

Nilivunjika mfupa wa bega. Yeye mlango ulimbana kiunoni, na magunia yalikuwa yamesukuma kichwa cha lori kutoka nyuma. Gari la watalii likasimama. Dereva na wageni wake wanne waliteremka kwenye tope na viatu vyao vizuri, wakabeba magunia moja moja ili kupunguza uzito. Ilichukua muda mrefu. Nilimshika mkono kupitia dirishani.

"Mahindi yanaloa," aliniambia.

"Tutayaanika."

"Waambie wayafunike."

Nilipaza sauti wayafunike, na yule dereva wa watalii, maskini, akavua koti lake la mvua akalitandaza juu ya magunia mawili. Rafiki yangu aliliona, akafumba macho. Walipomtoa hatimaye, alifia ndani ya gari lile la watalii, njiani kuelekea hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Askari wa barabarani alikuja kukagua lori. Alipima urefu wa kashata kwenye matairi ya mbele, akaandika kwamba yanafaa. Hakuuliza umri wa mpira, nami sikumwambia. Akaandika kwamba chanzo ni utelezi na ukungu.

Siku ya maziko nilikwenda na mkono wangu umefungwa shingoni. Nilitegemea kupigwa, au walau kuulizwa. Hakuna aliyeniuliza. Baba yake, mzee sana, alinishika kichwani kama wanavyosalimiwa wadogo, akasema Enkai amemchukua. Kwa Kimaa neno hilo ni Mungu na ni mvua pia. Sikujua alikusudia lipi, na nilijificha ndani ya yote mawili.

Fundi wa Ganako hakumwambia mtu. Nilikutana naye kanisani Jumapili iliyofuata, akanipa mkono.

"Pole," alisema.

Nilingoja aongeze neno, hata la kunilaumu, lakini akapita kwenda kuwasalimia wengine. Tangu siku hiyo kila nilipomwona alinisalimia vizuri.

Mjomba alilitengeneza lori, akafunga matairi yanayostahili, nami nikarudi kazini. Niliendesha miaka miwili. Watu wakanisifu kuwa nimekuwa dereva mwangalifu. Mvua ikinyesha niliegesha, nikakaa ndani, nikisema nasubiri barabara ikauke. Mke wangu aliniuliza kwa nini naongea usingizini, nikamwambia ni uchovu. Mwishowe nilimwambia yote, jikoni, mchana, alipokuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Mimi siwezi kukusamehe hilo," alisema. "Si langu. Mwenye nalo yuko Endulen."

Nilikwenda kiangazi, kwa gari la abiria, kisha kwa miguu. Mjane wa rafiki yangu alinipokea nje ya nyumba yake, akanipa chai ya maziwa. Hakujua Kiswahili sana, kwa hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikaa kati yetu kututafsiria. Tuliulizana habari za watoto na mifugo, na majibu yake yalikuwa mafupi. Ng'ombe walikuwa wamepungua. Binti aliolewa bila baba.

Kisha nikasema niliyoyaendea. Nilisema fundi alinionya. Nilisema matairi yalikuwa yamezeeka na nilijua, na kwamba mume wake aliniuliza nikamdanganya. Nilisema habari za ng'ombe wa kwenye lami, na kwamba ningeweza kugeuza.

Yule shemeji hakutafsiri. Alikuwa amenigeukia, kikombe mkononi. Mjane alimwuliza kitu, na yeye hakujibu.

"Unataka niyaseme haya?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Yaseme."

"Ukishayasema hayarudi."

"Najua."

Akayasema. Alichukua muda mrefu kuliko mimi, akitazama chini, na mahali pengine alisita akatafuta neno. Mjane alisikiliza bila kusogea. Halafu mama yule akaanza kusema, taratibu, na shemeji akamfuata kwa Kiswahili.

"Anasema, kwa miaka miwili alikuwa akisikia mvua anamkumbuka mumewe kwa upole, kwa sababu aliona ni Mungu. Anasema sasa umemwondolea hilo. Anasema ulikuwa na mzigo ukachoka kuubeba, ukauleta hapa."

Niliuliza kama kuna lolote ninaloweza kufanya, na hata kabla ya kutafsiriwa nikajua ni swali la kipumbavu.

"Anasema hapana. Anasema amekusikia. Anasema usirudi."

Mjane alisimama, akachukua kikombe changu kilichokuwa bado na chai, akaingia ndani.

Nilirudi Karatu nikamwachia mjomba funguo za lori. Alisema ningenyamaza tu, kwamba wafu hawasumbuliwi na matairi. Sasa nalima maharage. Siku nyingine nafikiri nilifanya vema kwenda, siku nyingine naona nilimtendea mama yule ubaya wa pili, na sijapata wa kuniamulia.

Lakini jioni ile ya Endulen, kabla sijarudi Karatu, nilikuwa bado na mwendo wa saa nzima hadi barabarani. Nilipotoka kwenye boma, mdogo wa marehemu alichukua mkuki wake akanifuata. Nilidhani ana neno lake la kunipa, nikapunguza hatua. Alinipita. Alitembea mbele yangu, akitazama vichaka, na tulipofika barabarani akasimama kando yangu mpaka gari la mwisho la Karatu likatokea. Nilipanda, nikamwuliza dirishani kwa nini amenisindikiza.

"Nyati," alisema, akageuka kurudi nyumbani.