Sura ya Mwisho Haisomwi Bila Doña Eufelia

Saa nne asubuhi, Alhamisi, mlango wa duka la kufulia nguo mjini Española, New Mexico, unasukumwa na mwanamke ambaye hakuna anayemjua. Ana buti za safari na kapu la nguo zilizojaa tope. Anazitia mashineni, anakaa, kisha macho yake yanatua kwenye kitabu kilicholala kauntani.

“Ah, hiki! Nilikisikiliza garini wiki iliyopita. Kumbe mwishowe yule Graciela—”

“Nyamaza!”

Ni sauti ya duka zima. Don Filiberto Maestas, mzee wa miaka sabini na kitu, anamrushia soksi mbichi. Inamkosa na kunata kwenye kioo cha mashine.

“Samahani, dada,” anasema Yesenia Tafoya, mhudumu wa duka, akiibandua soksi. “Hawa si wagonjwa. Ni kitabu tu kimewafanya hivi.”

Yesenia, mwenye miaka 43, amefanya kazi hapa miaka tisa. Anakunja mashuka ya hoteli, anafuta sabuni iliyomwagika, anagombana na mashine inayomeza sarafu. Analipwa dola kumi na mbili kwa saa. Kusomea watu riwaya si sehemu ya kazi hiyo.

Mambo yalianza majira ya baridi, runinga ya ukutani ilipokufa. Doña Eufelia Quintana, mjane wa miaka themanini mwenye mtoto wa jicho, alikuja na riwaya ya mapenzi aliyoiazima maktaba, akaomba asomewe.

“Nikamuuliza, bibi, umevutiwa na nini humu? Akasema picha ya mfereji kwenye jalada,” Yesenia anakumbuka. “Mbele ya mfereji huo amesimama kijana hana shati. Eti huyo hakumwona, macho mabovu!”

Riwaya inahusu familia mbili za bondeni, akina Montaño na akina Sandoval, wanaogombea lango la mfereji wa kumwagilia mashamba tangu enzi za mababu. Graciela wa Montaño anampenda Rubén wa Sandoval. Yesenia alidhani atasoma kurasa chache, blanketi za bibi zikikauka. Lakini wateja wengine wakasogeza viti. Ikawa kila Alhamisi. Watu wakaanza kukausha nguo zilizokwisha kukauka, ilimradi wasiondoke.

“Na wangesikiliza kimya basi! Nikisoma mstari mmoja, wanabishana nusu saa.”

Hapa kila mtu ana zamu yake ya maji, na kila mtu ana jirani aliyewahi kumwibia. Dirishani wamekaa wanaowatetea akina Montaño. Kwenye mashine za kukaushia, wa Sandoval.

“Sandoval wako juu, maji yanawafikia wao kwanza, kwa nini wafunge lango?” anafoka Don Filiberto, aliyewahi kuwa msimamizi wa mfereji wa kijiji chake. “Mwandishi huyu hajashika koleo maisha yake!”

“Wewe si ulitufungia letu kiangazi kizima?” anajibu Corrine Lovato, mpishi wa shule, kutoka dirishani. “Sandoval mkubwa wewe!”

Yesenia hana upande. Wanaomchosha ni wapenzi wenyewe.

“Sura sita wamenuniana kwa jambo ambalo neno moja lingelimaliza. Na simu anayo mfukoni! Si umpigie, mwanamume? Mimi nina mashuka ya kukunja.”

Sasa imebaki sura moja, na wiki mbili zilizopita Doña Eufelia aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake, akavunjika nyonga. Amelazwa hospitalini Santa Fe. Alipiga simu dukani kutoka kitandani: “Usiwasomee bila mimi, mwanangu. Wala usichungulie. Nitajua.”

“Nikamwahidi,” anasema Yesenia. “Ningefanyaje? Bibi wa watu analia.”

Shida ni kwamba maktaba inakitaka kitabu kesho asubuhi. Wengine wanakisubiri, muda hauongezwi. Na kununua chake mwenyewe? “Mwezi huu nimenunua tairi la gari.”

“Soma tu, binti yangu,” Don Filiberto anabembeleza. “Bibi nitamsimulia.”

“Utamsimulia wewe? Si utaongeza makoleo yasiyokuwamo!”

Mgeni amemaliza kukunja nguo zake. Anainama kauntani. “Nikunong'oneze wewe peke yako? Hatajua.”

Yesenia anakivuta kitabu upande wake wa kaunta.

“Nenda salama, dada,” anasema, “kabla sijakubali.”

Saa nane mchana anaomba ruhusa, ingawa saa atakazokosa hazilipwi, na kuendesha gari hadi Santa Fe akiwa na supu ya pilipili kijani aliyopewa na Corrine. Doña Eufelia anaionja, anasema haina chumvi, anauliza kama Filiberto bado anamtetea yule mwizi Sandoval. Yesenia anavuta kiti, anafungua sura ya mwisho. Anasoma mistari miwili.

Mkoromo. Ni dawa za maumivu.

“Bibi?” Anamgusa bega. “Bibi, Graciela yuko langoni!”

Anasubiri, kitabu kikiwa wazi mapajani na uso wake umegeuzwa dirishani, mpaka muuguzi anapokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

“Bibi huyu!” anasema kwenye ujia, meno yameumana. “Sura nzima iko mkononi mwangu, mwenyewe anakoroma!”

Ameomba maktaba imwandike kwenye orodha ya wanaokisubiri. Atakuwa wa tano. Anatumaini kufikia hapo bibi atakuwa anatembea kwa mkongojo. Pia atamwomba mwenye duka rafu ya vitabu pale ilipokuwa runinga. “Visivyo na mifereji,” anasisitiza. “Tafadhali.”

Ijumaa asubuhi, kabla ya kazi, amesimama mbele ya tundu la maktaba la kurudishia vitabu. Simu inalia. Ni Don Filiberto.

“Haya, walioana?”

“Sijui, mzee.”

“Hujui vipi, na kitabu unacho?”

Yesenia anakiachia. Kinasikika kikigonga chini, ndani ya sanduku.

“Sinacho,” anasema.