Maiki Isiyo na Mgongo

Maiki yangu niliinunua Murongo, mpakani, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anauza pia sabuni, betri na mitego ya panya. Ilikuwa ndogo kama punje ya maharage, imeshikwa na waya mwembamba. Nikamuuliza, "Hii inasikia vizuri?" Akasema, "Kaka, hii inasikia pande zote." Nikafurahi. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nilidhani kusikia pande zote ni sifa, kama ng'ombe anayetoa maziwa asubuhi na jioni.

Nyumbani nikajirekodi na gitaa langu, nikavaa hedifoni, nikasikiliza. Gitaa lilikuwepo, kwa mbali, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Mbele yake walikuwepo kuku, mbuzi, pikipiki inayopanda mlima, na juu yao wote mama mkwe wangu akimwita mtu aliyekuwa bondeni. Nikageuza maiki itazame ukuta. Mama mkwe yupo. Nikaigeuza itazame chini. Yupo. Nikaivika soksi. Yupo, ila sasa amevaa soksi.

Fundi redio mmoja wa sokoni ndiye aliyenifungua macho. "Maiki za aina hii hazina mbele wala nyuma," alisema huku anacheka. "Haiwezi kumpa mtu mgongo kwa sababu yenyewe haina mgongo. Ukitaka mtu asikike kidogo, dawa ni moja tu: asogee mbali."

Asogee mbali. Rahisi kusema, kama una kwako.

Mimi naishi ukweni. Kibanja cha baba yangu kule Mabira kiligawanywa kwa watoto wengi wa kiume, na kipande changu kilinitosha kulala, ila nikijigeuza ningekuwa nimeingia kwa kaka. Baba mkwe akatukaribisha Ihembe, tukapewa chumba pembeni ya migomba yake. Wanaume wa kijiweni mpaka leo wananiuliza nilitolewa mahari gani. Huwa nawajibu kwamba mashangazi bado wanajadiliana.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana. Akitokea njiani, mimi naingia migombani. Hatutazamani usoni, hatugusani, na mlangoni hatupishani hata nyumba ikiungua. Kuongea tunaongea kupitia mke wangu, hata tukikaa karibu kiasi cha kusikia mwenzako anavyotafuna.

"Mwambie mumeo kikombe chake kiko pale."

"Mwambie mama nimeshakiona."

Mke wangu, katikati, hamwambii mtu kitu. Anaendelea kumenya ndizi.

Kwa hiyo kabla ya kutoka chumbani kila asubuhi nasimama kwanza nyuma ya mlango nasikiliza: yuko kisimani? Yuko kwenye mbuzi? Anafagia? Hiyo ndiyo shule niliyoimaliza. Siku nyingine nilikuwa nakaa mle chumbani mpaka jua linakuwa kali, na nje watu wanajua kabisa kwamba sijalala, ninasubiri njia iwe wazi.

Pa kukimbilia palikuwa mahali pamoja tu: jiko la zamani. Jiko hilo lilikuwa la fito na udongo, limeezekwa nyasi zilizopigwa moshi mpaka zikawa nyeusi. Hakuna aliyepika humo tena. Nikatandika nyasi sakafuni kama walivyofanya wazee, na hapo nikagundua siri: sauti ilikuwa haigongi popote. Nyasi juu, nyasi chini, udongo pembeni. Hata mvua ikinyesha, juu kunasikika mnong'ono tu, si kama mabati yanayokupigia makofi usiyoyaomba. Nikaifunga maiki kwenye boriti katikati, nikaweka kompyuta yangu kuukuu kwenye kona ya ndani, nikapaita studio.

Tatizo, baba mkwe alitaka kulibomoa. Alitaka pale stoo ya kahawa, ya mabati.

"Mkwe wangu, humo ndani huwa unafanya nini?" aliniuliza.

"Narekodi muziki, baba."

"Nani ameusikia?"

Nikatazama miguu yangu.

"Basi rekodi kwaya ya mama yenu. Wakiridhika, jiko libaki, liwe lako. Wasiporidhika, nakuja na panga, kahawa iingie."

Aliposema "wakiridhika" wote tulijua maana yake. Mwenyekiti wa kwaya ya akina mama ya usharika wetu ni mama mkwe. Na bila lile jiko, sikuwa na mahali pengine duniani ambapo ningeweza kukaa bila kusikiliza kwanza nyuma ya mlango.

Akina mama wakaja Jumamosi, mchana, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Baba mkwe, kwa kunitakia heri, akaniletea kibuyu cha omuramba, ile juisi ya ndizi ambayo haijawa pombe, tamu mpaka unasahau adabu. Nikakimaliza chote. Kikumbukeni hicho kibuyu.

Nikaanza kuwapanga kuizunguka maiki. Kazi yenyewe ni ya kuchekesha, maana hakuna kitufe cha kumpunguza mtu. Mwenye sauti ndogo unamsogeza, mwenye sauti kubwa unamrudisha. Unapunguza watu kwa miguu yao wenyewe.

"Mama, wewe rudi nyuma kidogo."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, una baraka nyingi. Zirudishe nyuma kidogo."

Wakacheka, wakarudi. Akabaki mmoja. Sauti ya mama mkwe si mbaya, jamani. Ni kubwa. Huyu ni mtu aliyezoea kuita watu kutoka kilima hiki mpaka kile, na simu zilipokuja hakuona sababu ya kubadilika. Wakaimba kidogo nijaribu, na kwenye hedifoni nikasikia mwanamke mmoja na sisimizi ishirini.

Nikamwambia mke wangu, ambaye alikuwa anaimba sauti ya pili, "Mwambie mama arudi nyuma kidogo."

Akarudi. Bado.

"Mwambie kidogo tena."

Akarudi. Bado.

"Tena."

"Mwambie mumeo," mama mkwe akasema akitazama boriti, "nikirudi tena nitakuwa nimefika kwetu nilikozaliwa."

Lakini akarudi, akasimama mlangoni. Wakaimba tena. Aisee! Sauti zilikaa kama mayai kwenye kikapu. Nilifurahi mpaka nikajipigia kofi kwenye paja. Na kile kibuyu cha omuramba, tumboni, kikapiga hodi.

Hapo ndipo akili ilipokuja. Jiko lina mlango mmoja. Mlangoni kasimama mama mkwe. Mimi niko kona ya ndani. Na aliyemweka pale ni mimi, kwa ufundi wangu, hatua kwa hatua, kwa kuomba.

Nikajiambia wimbo ni mfupi. Ulikuwa wimbo wao wenyewe, wa kumkaribisha mgeni atokaye mbali, na akina mama walipenda beti zote. Walipofika wa pili, mvua ikaanza. Juu nyasi zikanong'ona tu, lakini mlangoni matone yakawa yanampiga mama mkwe mgongoni. Akasogea ndani hatua moja bila kuacha kuimba. Nikasikia sauti yake imepanda. Nikataka kumwashiria mke wangu, lakini ukipunga mkono maiki ile inasikia hata shati lako. Ubeti wa tatu upepo ukageuka. Hatua nyingine. Nikajikunja. Ubeti wa nne mvua ikaingia ndani yenyewe, na mama mkwe akaja mbele yake, anaimba, macho juu kwenye boriti kwa heshima asije akaniona, na mimi najibana ukutani, kompyuta nimeikumbatia, miguu nimeipishanisha kwa sababu mnayoijua. Kiitikio cha mwisho alikiimba chini ya maiki yenyewe. Nikafumba macho. Kwenye hedifoni ilikuwa kama kusimama ndani ya kengele.

Wakamaliza. Wakapiga vigelegele. Mvua haikumaliza.

"Tusikie!" wakasema. Nikachomeka spika. Kwaya ikaanza vizuri, na kule mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, sauti moja. Ubeti wa pili imefika shambani. Wa tatu iko uani. Halafu ikaingia ndani, ikawafunika wote, na wimbo ukaisha. Nje, barazani alikokuwa baba mkwe akisubiri jibu, sikusikia kitu, na mimi ni mtaalamu wa kusikiliza nje.

Mama mkwe akajifuta maji shingoni kwa kitenge. "Mwambie mumeo, mbona mwanzoni amenitupa mbali hivyo?"

Mke wangu akanitazama. Wote wakanitazama, isipokuwa mmoja.

"Mwambie mama," nikasema, "mwanzoni alikuwa bado njiani. Si wimbo wa mgeni?"

Mvua. Omuramba.

"Mwambie anajua kujitetea."

Hilo sikujua ni ndiyo au ni hapana, na sikuwa na muda wa kulipima. Nikamvuta mke wangu, nikamnong'oneza shida yangu. Badala ya kuisitiri, akacheka mpaka akashika goti. "Mama, mume wangu anaomba njia."

"Mwambie mvua inanyesha. Niende wapi?"

"Afumbe macho apite!" akasema mmoja.

"Apite chini kama mbuzi!" akasema mwingine.

"Tumfunike kitenge tumtoe kama bibi harusi, si ndiye aliyeolewa?"

Jamani. Nimewahi kuchekwa, lakini si na kwaya nzima, kwa sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Mama mkwe hakucheka. Aliutazama ukuta wa nyuma yangu kwa muda. Halafu akaita, kwa ile sauti yake ya bondeni, na hakuhitaji kurudia: "Baba watoto! Lete panga!"

Baba mkwe akaja mbio na gunia kichwani kujikinga mvua, panga mkononi, anachungulia. "Hamkuridhika?"

"Zunguka nyuma," mama mkwe akamwambia. "Toboa pale alipo mkweo, apate mlango wake. Mtu gani anakaa nyumba ya mlango mmoja na mama mkwe wake?"

"Nitoboe mlango kwenye jiko nitakalolibomoa?"

"Nani kasema unabomoa? Jumamosi ijayo tuna wimbo mwingine."

Nikasikia panga linakula udongo karibu na sikio langu. Fito zikavunjika, mwanga ukaingia, na uso wa baba mkwe umelowa. Sikusubiri tundu lifike kiuno. Nilitoka kwa kichwa, kama ndama, nikaangukia kwenye matope ya zizi la mbuzi, nikakimbilia migombani.

Mlango ule ninao mpaka leo, na ni mimi peke yangu ninayeutumia. Unafungukia zizini, kwa hiyo kila nikienda kwenye studio yangu napita kati ya mbuzi, halafu nakaa kwenye kona yangu. Jumamosi akina mama wanakuja. Mama mkwe anasimama mlangoni pake bila kuambiwa, na akifika tu anasema, "Mwambie mumeo niko tayari."

Rekodi ya siku ile ninayo pia. Nilipowachezea wimbo, kitufe cha kurekodi nilikuwa sijakizima, na maiki iliendelea kusikia. Baada ya wimbo kuna kicheko, kuna panga, kuna matope. Halafu, mbali kabisa migombani, lakini wazi, kuna mimi, naagana na omuramba.