Kibao Nilichokijaribu Juani

Kosa ni langu, nalikiri. Mama Furaha, mkuu wa shule hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, aliniomba kibao cha kuwaonya waendesha kabaza, pikipiki za kubeba abiria, wanaopita alfajiri, kwa sababu mtoto mmoja alikuwa amegongwa. Nilitandika stika inayorudisha mwanga wa taa, kisha juu yake nikabandika picha ya wanafunzi wawili, iliyochapwa Lilongwe na kufunikwa laminesheni. Juani ilipendeza, nikakiingiza darasani na kuwahutubia wazazi waliokuja kukiona kuhusu mwanga, kama profesa.

“We njo fundi wa vitabu, tuonyeshe,” alisema Mama Furaha kwa Kiswahili chake cha Kongo. Akafunga madirisha ya darasa, akakimulika kibao kwa tochi.

Ukingo uliwaka. Katikati palibaki giza: picha yangu ilikuwa imeziba mwanga wote.

“Fundi,” akauliza Mama Furaha polepole, “batoto iko wapi?”